Maneno ya Mkunga Siku ya Kumuaga Mzee Nusu, Fundi wa Fremu

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya mbao. Meneja wa karakana hii ya baiskeli na wasaidizi wako. Mafundi wa fremu, wa magurudumu na wa rangi. Wifi yangu, mke wa Mzee, pamoja na watoto na wajukuu. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo.

Kama kuna mtu nimemruka katika salamu, anisamehe. Mdomo huu una meno mawili ya kubandika, na sababu yake mtaisikia hivi punde.

Najua wapo kati yenu wanaojiuliza huyu mwanamke amefuata nini jukwaani. Mimi si fundi. Kazi yangu ni ukunga, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita. Mafundi wako humu wamejaa tele, wameshinda na Mzee tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka mingi, sasa mkunga wa zahanati anataka nini hapa? Ndugu zangu, nilitafutwa. Wiki mbili zilizopita Mzee alikuja zahanati, akakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wajawazito, akangoja foleni kama wao. Zamu yake ilipofika akaingia, akavua kofia, akasema, "Wanatafuta mtu wa kunisifu siku ya kuniaga. Nimewaambia wakuchukue wewe."

Nikamwuliza, "Mafundi wenzako wamekwenda wapi?"

"Wao watasema mazuri tu."

"Kwa hiyo mimi niseme mabaya?"

"Wewe sema yaliyotokea," akasema, akavaa kofia yake akaenda zake.

Basi nimekuja kusema yaliyotokea, na nimemwomba ruhusa ya kusema yote.

Kwa wageni ambao hawamjui vizuri, jina hili la Mzee Nusu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake humu ndani, kwa sababu ya nusu milimita. Fremu ikitoka kwenye meza ya kupangia, nyinyi wote mkaiona imenyooka, yeye huinama, hupima kwa uzi kutoka shingo ya mbele hadi nyuma, hupima upande huu, hupima upande wa pili, kisha husema kwa sauti ya chini, "Nusu." Maana yake imepinda nusu milimita, na maana yake hakuna kwenda kula. Ni watu wangapi humu wamekula chakula kilichopoa kwa ajili ya neno hilo? Naona mikono. Ishusheni, nimewaona.

Sasa, fremu ya chuma ya karakana hii huungwa hivi, nami naeleza kama nilivyoelezwa, mafundi mtanisamehe nikikosea. Bomba huingizwa ndani ya kiungio, mfano wa mkono kuingia kwenye mkono wa shati. Kati ya bomba na kiungio hubaki nafasi ndogo, haipiti unene wa karatasi. Fundi huwasha moto wa gesi, hukipasha chuma mpaka kifike rangi ya chungwa, kisha hukigusisha shaba. Chuma kikiwa na joto la kutosha, shaba huyeyuka na kufyonzwa ndani ya ile nafasi hadi upande wa pili. Kikiwa hakijafika, shaba huishia mlangoni. Ukitazama kwa nje utaona mstari mzuri wa dhahabu, kumbe ndani ni patupu. Kwa hiyo kazi yote ni ya jicho. Hakuna kipimo kingine. Jicho la fundi ndilo linaloijua rangi.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa na baiskeli nyekundu iliyotoka karakana hii, mpya, haijamaliza miezi mitatu. Asubuhi moja niliitwa kwa mama mmoja mwenye uchungu wa mtoto wa kwanza. Nikafunga mkoba wangu nyuma, nikashika njia. Kuna mteremko baada ya kiwanda cha matofali, wenyeji mnaujua. Nilipofika katikati nilisikia mlio, si mkubwa, kama mtu amevunja kijiti. Usukani ukaenda mbele na mimi nikabaki nyuma, kisha mimi nikaenda mbele na kila kitu kikabaki nyuma. Bomba la chini lilikuwa limechomoka kwenye shingo, na la juu likapinda kama mrija.

Nilivunjika mfupa wa mtulinga, nikapoteza meno mawili, nikashonwa mdomo. Yule mama alizalishwa na mama mkwe wake, na nashukuru mtoto alitoka salama. Lakini semeni nyinyi, kama angetoka vibaya, ningemwambia nini mama yake?

Siku ya pili, nikiwa wodini, akaingia mwanamume mmoja mwenye kofia mkononi. Dada yangu alikuwa ananilisha uji kwa mrija. Yule mwanamume akasimama miguuni mwa kitanda, akasema, "Pole, mama."

Nikamwambia ahsante, nikidhani amekosea kitanda.

"Mimi ndiye niliyeiunga baiskeli yako."

Dada yangu akaweka kikombe chini. Mnamjua dada yangu. Nikamzuia kwa jicho.

"Naomba ruhusa yako niikate," akasema.

"Ukate nini," nikamwambia kwa mdomo wangu wa nyuzi, "imeshajikata yenyewe."

"Nataka kuona ndani."

Nikampa ruhusa ili aondoke. Kesho yake akarudi na kile kiungio cha mbele, amekipasua kwa msumeno katikati kama mtu anavyopasua tunda, vipande viwili vimefungwa kwenye kitambaa safi. Akaviweka juu ya shuka. Akanionyesha kwa ncha ya ukucha pale shaba ilipopaswa kufika, na pale ilipoishia. Ilikuwa imeingia kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Kwingine kote kulikuwa na weusi wa chuma kikavu.

Nikamwuliza, "Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Ulikuwa na haraka?"

"Hapana."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sinywi."

"Sasa ni nini?"

Ndugu wageni waalikwa, mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka ili asikie vizuri, na mtu huyu akazungusha kofia yake mkononi. Kisha akasema, "Ni macho. Huu ni mwezi wa saba sioni vizuri. Sikumwambia mtu."

Alikuwa na mtoto wa jicho. Mimi nimezalisha watoto wengi, lakini huyo hakuwa wa kwangu. Na mtoto wa jicho, madaktari watawaambia, hukifanya kila kitu kionekane cha manjano. Chuma kilikuwa bado chekundu, yeye akakiona kimeshafika chungwa. Akagusisha shaba mapema. Mstari wa nje ulikuwa mzuri kwa sababu mikono yake ilikuwa mizuri. Mikono haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba alijua haoni vizuri, na akanyamaza.

Alinyamaza kwa nini? Nyinyi mnaofanya kazi humu mnajua. Fundi wa kuunga akisema macho yake yamekwisha, amesema yeye mwenyewe amekwisha. Miaka ishirini na mitano ameshika ule moto. Alijiambia ni uchovu, ni moshi, ni taa ya karakana. Ni nani kati yetu hajawahi kujidanganya hivyo? Mimi leo naelewa. Siku ile sikuelewa. Nilimwambia atoke, naye akatoka, akaviacha vile vipande juu ya shuka, na dada yangu akavitupa chini ya kitanda.

Asubuhi iliyofuata huyo hapo tena, na kofia yake.

Nikasema, "Wewe mzee, unataka nini kwangu?"

Akasema, "Zipo nyingine thelathini na moja."

Mabibi na mabwana, hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa. Fremu thelathini na moja alizoziunga kwa macho yale zilikuwa nje, zinatembea, zimebeba watu. Alikuwa amekwisha kwenda kwa Meneja kumwambia. Na Meneja, ambaye yuko hapa meza kuu na ambaye ameniruhusu kulisema hili, alimjibu, "Mzee, unataka kuifunga karakana? Moja imevunjika. Huenda ni hiyo hiyo moja." Tusimhukumu. Alikuwa na wafanyakazi arobaini na aliogopa. Alichukua siku nne kufikiri, na siku ya tano akafikiri vizuri, akatoa orodha ya wanunuzi na gari la kuzibeba. Tumpigie makofi kwa siku ya tano.

Lakini zile siku nne Mzee hakuzisubiri. Alianza kwa miguu, kwa kumbukumbu ya kichwa. Tatizo ni kwamba fundi anazijua fremu, hajui nyumba. Mkunga ndiye anayejua nyumba. Nilipotoka wodini, mkono umefungwa shingoni, nilimkuta nje ya lango na karatasi yake, akaniuliza fulani anakaa wapi, na fulani. Nikamwelekeza mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikaona nitamaliza maneno. Nikamwambia, "Twende."

Dada yangu aliniuliza kama nimeumia na kichwa pia.

Tulizunguka siku tisa. Mwafikiri watu walitupokea kwa shukrani? Mwalimu mmoja alituambia mlangoni, "Baiskeli yangu haina shida. Shida mnayo nyinyi." Mnoa visu mmoja alikuwa ameifanya baiskeli yake kiwanda kizima, ameliinua gurudumu la nyuma lisiguse chini, anakanyaga, jiwe linazunguka. Akatuambia, "Hii haiendi popote, itavunjikia wapi?" Mzee akakaa chini kwenye vumbi, akamweleza habari za shaba tangu mwanzo hadi mwisho, kama anavyowaeleza nyinyi, na yule mnoa visu akasikiliza huku ananoa. Mwisho akasema, "Sawa, chukua, ila uniletee yenye uzito, nyepesi inanirukaruka." Kila tulipokwenda, Mzee alisema sentensi ileile. Hakusema karakana imekosea, hakusema bomba lilikuwa bovu. Alisema, "Niliiunga mimi, nilikuwa sioni vizuri, naomba unirudishie." Nyumba thelathini na moja. Hebu jaribuni kuisema sentensi ya namna hiyo kwenye nyumba moja tu.

Ya mwisho ilikuwa kwa fundi cherehani. Ilitusumbua kwa sababu alikuwa ameipaka rangi ya buluu, nasi tulikuwa tunatafuta nyekundu. Tuliikuta imeegemea ukuta wa ua wake, imefungwa kiti cha mto nyuma. Mimi niliitazama, dereva wa gari akaitazama, sote wenye macho yetu, hatukuona kitu. Mzee akapiga goti, akapitisha kidole chini ya shingo, polepole, akarudia.

"Kuna kitu hapa," akasema.

Akaomba kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta. Rangi ilipolainika tukaona ufa, mwembamba, umezunguka bomba karibu nusu. Fundi cherehani akainama naye, akautazama, kisha akaenda kukaa kizingitini.

"Jana nimempeleka mama yangu kliniki na hii," akasema. "Amekaa hapo nyuma."

Yule mama alikuwa ndani, tulikuwa tunamsikia anakohoa.

Fremu zote zilipokatwa, tisa zilikuwa na utupu ndani, na mbili kati ya hizo tisa zilikuwa zimekwisha kuanza kupasuka. Ishirini na mbili zilikuwa nzima. Zote zilikatwa, nzima na mbovu, kwa sababu huwezi kujua ipi ni ipi mpaka umeikata. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya Ijumaa, ambayo nyinyi vijana wa karakana mnaiona kama imekuwapo tangu dunia iumbwe. Kila Ijumaa fremu moja, nzuri, iliyokwisha kupita ukaguzi, huchaguliwa kwa kura na kupasuliwa viungio vyote. Meneja alilalamika kwamba tunaua mwenye afya. Mzee akamwambia, "Mwenye afya tumwulize lini, akishakufa?"

Alipasuliwa macho. La kulia likapona, la kushoto halikurudi vizuri. Daktari alimwambia anaweza kurejea kazini. Yeye akakataa kushika moto, akasema jicho moja halimtoshi mtu anayetengeneza vya kubeba wenzake. Wengi tulidhani ataenda nyumbani. Badala yake akahamia kwenye penseli na kufundisha. Akawa anachora fremu, na hapo ndipo mimi nilipofaidi, maana ya kwanza aliyochora ilikuwa yangu.

Mnajua fremu ya kiume ina bomba la juu, na mwanamke mwenye gauni na mkoba wa uzazi hawezi kila mara kurusha mguu kama mpanda farasi. Ukiliondoa lile bomba, fremu inalegea, inayumba kiunoni. Mzee alikuja na kamba kunipima miguu, mbele ya dada yangu, ambaye hakuyaondoa macho kwenye ile kamba hata mara moja. Kisha akachora mabomba mawili membamba, sambamba, yanayoteremka kutoka shingo ya mbele, yanapita ubavuni mwa bomba la kiti hadi kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Napanda bila kurusha mguu, na baiskeli haiyumbi. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, akaulaza kidogo kuliko kawaida, kwa ajili ya njia zetu mbovu, ili mashimo yasinifikie mabegani. Mtulinga wangu unamshukuru hadi leo. Na wakunga wenzangu kumi na wanne wanaendesha mchoro huo huo.

Nimesikia leo vijana wakizungumza habari za alumini, na mabomba ya nyuzi za kaboni ambayo fremu yake unainyanyua kwa kidole kimoja. Wengine wanasema Mzee anapinga mambo mapya. Si kweli, nimemwuliza. Aliniambia alumini ni nzuri, ila ukiiunga kwa moto inapoteza nguvu mpaka uirudishe kwenye tanuri, na tanuri hamna bado. Akaniambia kaboni ni nzuri, ila haisemi kabla ya kuvunjika, na chuma husema. "Wakinunua tanuri," akasema, "nitakuja kuona." Mheshimiwa mgeni rasmi, natumaini hilo la tanuri limeandikwa mahali.

Mzee wangu, sasa nakugeukia wewe.

Kwa miaka kumi na moja umenitengenezea breki, umenibadilishia mnyororo, umekuja kwenye msiba wa baba yangu na ukakaa hadi wote wameondoka. Hukuwahi kuniuliza kama nimekusamehe. Nami sikuwahi kukwambia. Labda sote wawili tuliogopa neno lenyewe. Acha niseme lini.

Haikuwa wodini. Wodini nilikuchukia, na hilo ulilijua. Haikuwa kwenye zile siku tisa. Siku zile nilikuheshimu, na kumheshimu mtu si kumsamehe. Ilikuwa siku niliyokuja hapa kuchukua baiskeli yangu mpya, nikakuta haijamalizika. Aliyekuwa ameshika moto alikuwa huyu dada hapa, mnayemwita Mama Sufuria, kwa sababu kabla ya kuja kwako alikuwa akiziba masufuria yanayovuja, na leo ndiye fundi mkuu wa kuunga. Ilikuwa fremu yake ya kwanza peke yake. Wewe ulikuwa umesimama umeupa moto mgongo. Hukutaka kutazama, usije ukamharakisha. Ulikuwa unasikiliza tu. Shaba ilipoingia ukamwuliza, "Imefika upande wa pili?"

Akasema, "Imefika, mwalimu."

"Umeiona, au unanifurahisha?"

"Nimeiona."

Ukachukua ule muhuri wako wa chuma, wenye alama yako, uliogonga chini ya kila fremu kwa miaka ishirini na mitano, ukauweka kwenye sanduku. Ukampa muhuri mwingine, mpya, wenye alama yake yeye. Ukamwambia, "Gonga. Aliyeona ndiye anayegonga." Akagonga. Wewe ukaenda dirishani, ukageuza uso, ukajifanya unatafuta tupa kwenye meza ambayo haikuwa na tupa.

Nilikuwa mlangoni, hukuniona. Nilikusamehe pale pale, nikiwa na mkoba wangu mkononi, kisha nikarudi nyuma hatua tatu nikapiga hodi ili usijue kwamba nilikuona.

Wifi yangu, ahsante kwa kutuazima mume wako miaka yote hii. Mchukue, tumemtumia sana lakini yuko mzima. Meneja, mheshimiwa mgeni rasmi, mafundi na wageni wote, nimesema yaliyotokea kama nilivyoagizwa. Mmenivumilia, mmenisikiliza hadi mwisho, nawashukuruni sana.